Elektroni za 9 eV zinatoka wapi? Kupima joto na msongamano wa elektroni, kuanzia chemba ya argoni hadi tokamaki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tunasoma fizikia mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Tuna chemba ya kioo ya kipenyo cha sm 10, pampu ya rotari, gesi ya argoni kwa mgandamizo wa karibu Pa 10, na umeme wa DC wa V 500 tuliouunda kwa transfoma, daraja la dayodi na kapasita moja ya 4.7 µF. Mkondo ni mA 20. Upande wa hasi tumeuunga kwenye ardhi. Tumeingiza propu ya Langmuir, yaani waya wa tangsteni wa mm 0.3 uliochomoza mm 6. Grafu yetu ya mkondo dhidi ya volteji ya propu inakata sifuri kwenye V −8 ikilinganishwa na anodi, na inapiga goti karibu na V +3. Tukichora logi ya mkondo tunapata joto la elektroni la 9 eV (elektroni-volti, kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa joto la plazma), wakati vitabu vinasema 1 hadi 4. Tumekosea wapi? Na kwenye tokamaki, yaani mitambo ya umbo la pete inayoshika plazma kwa sumaku ili kuunganisha viini vya atomu, kama ITER inayolenga nyuzi milioni 150, wanapimaje wakati waya wowote ungeyeyuka?

JIBU: Marahaba. Kabla hamjagusa waya wowote, zitazameni vizuri namba mlizoniandikia, maana zenyewe zinaikana hiyo 9 eV. Propu isiyovuta mkondo hukaa kwenye volteji ya kuelea, na volteji hiyo huwa chini ya volteji ya plazma (gesi iliyovunjika kuwa elektroni na ioni) kwa kiasi kinachotegemea joto la elektroni na uzito wa ioni. Elektroni ni nyepesi na zina mbio kuliko ioni, kwa hiyo propu hujaa hasi mpaka izisukume nyuma nyingi kati yake na pande zote mbili zifike kwa kiwango sawa. Kwa argoni tofauti hiyo ni karibu mara 5.2 ya joto likiandikwa kwa eV. Kwa hidrojeni ni karibu mara 3.3. Nyinyi mna −8, ambayo ndiyo volteji ya kuelea, na goti kwenye +3, ambako propu hufikia volteji ya plazma; tofauti ni V 11. Gawanyeni kwa 5.2 mpate 2.1 eV. Kama joto lingekuwa kweli 9 eV, kati ya sifuri na goti pangekuwa na V 47. Hamjafika hata robo yake.

Plazma yenu basi ni ya kawaida kabisa, na kilichoharibika ni mteremko wa grafu. (Wanaoshangaa kioo kinavyostahimili 2 eV, ambayo ni karibu kelvini 23,000: elektroni ni chache mno. Joto linalofika ukutani kutoka kwenye plazma kama hiyo ni chini ya wati 100 kwa mita ya mraba, ilhali jua la mchana hapa Dar hutoa karibu 1000.)

Mshukiwa wa kwanza ni ile kapasita. Daraja la dayodi kwenye umeme wa Hz 50 huijaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kwa mA 20 na 4.7 µF, volteji hushuka kwa 0.02 ÷ (100 × 4.7 × 10⁻⁶), yaani karibu V 42 kati ya kujazwa na kujazwa. Sehemu kubwa ya mtikisiko huo huishia kwenye rezista ya kudhibiti mkondo, ikiwa mmeiweka (na muiweke, kΩ 10 au zaidi), lakini volti 5 tu zikifika kwenye plazma zinatosha kuharibu kipimo. Hapa wengi hulielewa tatizo nusunusu. Ukichukua wastani wa mkondo wakati volteji ya plazma inapanda na kushuka, ile sehemu ya grafu iliyo ya kieksponenshali tupu haibadilishi mteremko wake; inapanda tu yote kwa pamoja. Kinachoharibika ni goti: linalainika na kusambaa kuelekea chini. Kwa kuwa nafasi yote mliyo nayo kati ya sifuri na goti ni V 11, mtikisiko wa V 5 juu na V 5 chini unaila karibu yote. Mstari mnaouchora kwenye logi unapita kwenye goti lililolainika, ambako mteremko ni mdogo, na mteremko mdogo husomeka kama joto kubwa.

Ili kuhakikisha, unganisheni osiloskopu kwenye propu inayoelea, kwa kutumia propu ya osiloskopu ya 10×, mkilinganisha na anodi. Msifanye hivyo kabla ya kubadilisha ardhi, na ninaeleza sababu hapa chini. Mkiona wimbi la Hz 100 lenye urefu wa zaidi ya V 1 hivi kutoka bonde hadi kilele, mmempata mwizi. Tiba ni kapasita mbili za 100 µF za V 450 zilizounganishwa mfululizo, ambazo kwa pamoja ni 50 µF. Kariakoo zinapatikana, hata za kung'oa kwenye saplai za zamani, ila zipimeni kwanza. Kila moja iwekewe rezista ya kΩ 220 ya wati 2 sambamba nayo, ili volteji igawanyike sawa na ili zijimwage mkizima. Mtikisiko wa saplai utashuka hadi karibu V 4, na utakaofika kwenye plazma utakuwa mdogo zaidi. Kapasita hizo kwa V 500 hubeba zaidi ya jouli 6, kiasi kinachoweza kuua. Mkizima, subirini dakika 2 kamili, kisha pimeni kwa mita kabla ya kugusa. Kama hamna kapasita kubwa, ipo njia ya pili ambayo mimi naipenda zaidi: msichukue wastani, bali someni mkondo kila mara kwenye nukta ileile ya wimbi la umeme wa ukutani, kwa mfano milisekunde 3 baada ya volteji kuvuka sifuri. Hapo mnapima plazma ya wakati mmoja tu.

Sasa ardhi. Kuunga hasi kwenye ardhi ni mazoea ya redio, lakini hapa hayafai. Volteji ya plazma hukaa karibu na ya anodi, kwa hiyo mkiweka kathodi kwenye ardhi, plazma yote, propu, kebo na kila kifaa kilichoungwa nayo vinapanda mamia ya volti juu ya ardhi. Ni hatari kwa anayeshika kebo, na klipu ya ardhi ya osiloskopu ikigusa anodi mtachoma kifaa. Zaidi ya hapo, kebo ina ukapasita wake kwa ardhi, na kila mtikisiko wa saplai unasukuma mkondo wa uongo kupitia humo. Geuzeni: anodi kwenye ardhi, kathodi ipewe V −500. Propu itafanya kazi kati ya V −40 na V +10 ikilinganishwa na ardhi, na saplai ndogo ya mezani itatosha.

Anodi iwe kubwa vya kutosha, maana mkondo unaoingia kwenye propu ni lazima urudi kupitia kwake bila kuisogeza plazma. Kwa argoni, mkondo wa elektroni kwenye goti ni karibu mara 180 ya ule wa ioni, kwa hiyo eneo la anodi linatakiwa kuzidi la propu kwa angalau kiasi hicho. Propu yenu ina mm² 5.7. Sahani ya kipenyo cha sm 5 ni mara 340 hivi na inatosha. Ya sm 2 ni mara 55, haitoshi. Ikiwa hamna sahani kubwa, tumieni propu mbili zinazofanana, umbali wa mm 5, zinazoelea pamoja bila kuungwa kwenye anodi. Mkondo kati yake hufuata umbo la tanh, na mteremko wake kwenye volti sifuri ni mkondo wa ioni ukigawanywa kwa mara mbili ya joto. Ubaya wake ni kwamba huona elektroni zenye kasi tu, zile chache zinazoweza kupanda hadi kwenye propu, na katika plazma ya kathodi baridi hizo mara nyingi si mfano mwaminifu wa zilizobaki.

Rezista moja ya kupimia mkondo haitoshi kwa grafu nzima. Kwa 2 eV na msongamano wa 10¹⁶ kwa mita ya ujazo, propu yenu itavuta ioni za µA 12 hivi, na elektroni za mA 2.2 kwenye goti. Kwenye rezista ya Ω 100, ioni zitatoa mV 1.2 tu na kelele zitazimeza. Kwenye kΩ 10 elektroni zingedai V 22, zaidi ya volteji mnayoichunguza. Pimeni mara mbili: kΩ 10 kwa upande hasi, Ω 100 kwa upande wa elektroni. Kila mara toeni volteji iliyopotea kwenye rezista kabla ya kuchora. Kuisahau hatua hii nako hulaza mteremko na kuongeza joto la uongo.

Kisha ondoeni mkondo wa ioni, na hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Karibu na volteji ya kuelea mkondo mnaosoma ni elektroni kutoa ioni, na logi yake pale haina maana yoyote. Msiondoe namba moja isiyobadilika. Waya wenu una nusu kipenyo cha mm 0.15, na urefu wa Debye (umbali ambao plazma huficha chaji iliyoingizwa ndani yake) kwa hali niliyoitaja ni mm 0.1. Kwa waya mwembamba hivyo, ala, yaani tabaka la ioni linalouzunguka, hupanuka kadiri volteji inavyozidi kuwa hasi, na mkondo wa ioni hautulii. Choreni mraba wa mkondo dhidi ya volteji kuanzia V −40 hadi V −20. Utakaribia mstari mnyoofu. Uendelezeni mstari huo kuelekea kwenye goti, tafuteni kipeuo cha pili, ndipo mtoe. Baki ndiyo elektroni. Logi asilia ya baki hiyo dhidi ya volteji inyooke kwa angalau mara 10 za mkondo, na joto kwa eV ni 1 kugawanya kwa mteremko. Ikitokea mistari miwili yenye miteremko tofauti, msiilazimishe kuwa mmoja. Elektroni zenye kasi zinazotoka kwenye kathodi zinakuwapo pamoja na zile tulivu. Sogezeni propu mbali na mwako wa kathodi na mwone kama mstari wa elektroni hizo zenye kasi unapungua.

Msongamano ni mgumu kuliko joto, na sitaki mtu awaahidi asilimia 10. Fomula ya Bohm inasema mkondo wa ioni ni 0.61 × n × e × A × √(kTe/mi), ambapo n ni msongamano, e chaji ya elektroni, A eneo la propu, kTe joto la elektroni likiwa nishati, na mi uzito wa ioni. Ndiyo iliyonipa zile µA 12. Nadharia ya mizunguko ya Mott-Smith na Langmuir ya mwaka 1926, kwa waya uleule, msongamano uleule na V 20 chini ya plazma, inatabiri µA 29. Yaani kwa kipimo kimoja mtapata misongamano miwili inayopishana zaidi ya mara mbili, na ukweli uko kati kwa sababu waya wenu si mwembamba sana wala si mnene sana ukilinganisha na urefu wa Debye. Tena kwa Pa 10 ioni ya argoni husafiri karibu mm 0.4 tu kabla ya kugonga atomu, umbali unaokaribia unene wa ala, na migongano hiyo hupunguza mkondo. Mkiweza kuiwasha kwa Pa 5, shukeni hapo. Andikeni zote mbili kwenye ripoti, pamoja na msongamano unaotokana na mkondo wa elektroni kwenye goti, na mseme mmetumia fomula gani.

Uchafu nao una sehemu yake, hasa kwenye hewa ya pwani. Pigeni volteji kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kushuka. Njia mbili zisipolingana, waya una utando. Usafisheni kwa kuupa V +80 hadi +100 kwa sekunde chache mpaka uwe mwekundu kidogo, au V −100 kwa dakika kadhaa, halafu pimeni papo hapo. Mrija wa seramiki mdomoni usiguse waya: acheni pengo la mm 0.2 hivi kuuzunguka, la sivyo metali inayorushwa kutoka kwenye kathodi itaupaka mrija na propu itakuwa na eneo msilolijua. Kathodi ya alumini hurusha kidogo kuliko ya shaba. Wakati wa masika chemba iliyoachwa wazi hunywa maji ukutani na hutoa mvuke kwa saa nyingi. Pampu iendeshwe na valvu ya kupuliza hewa ikiwa wazi nusu saa ili mafuta yatoe maji, na msiianze kazi mpaka mgandamizo wa chini kabisa uwe umetulia. Umeme ukikatika pampu ikiwa wazi kwa chemba, mafuta yanaweza kurudi nyuma hadi ndani ya kioo. Kama pampu haina valvu ya kujifunga yenyewe, wekeni valvu ya sumaku inayojifunga umeme ukienda. Chemba iliyolowa mafuta haitawapa grafu inayorudiwa mpaka ioshwe yote.

Sasa mitambo mikubwa. Waya unatumika huko pia, ila pembezoni tu. Propu hupachikwa kwenye vigae vya ukuta ambako joto la elektroni ni eV chache hadi makumi, au huchomekwa ndani na kuchomolewa kwa sehemu ya sekunde kabla haijayeyuka. Katikati hutumika mwanga.

Njia inayoaminika kuliko zote ni mtawanyiko wa Thomson. Leza hupiga plazma, elektroni huutawanya mwanga kila upande, na kwa kuwa zinakimbia, rangi ya mwanga huo hupanuka. Kwa leza ya nanomita 1064 ukitazama kwa nyuzi 90, elektroni za 1 keV (eV 1000) huupanua hadi nusu upana wa karibu nanomita 94. Upana unakupa joto, wingi wa mwanga unakupa msongamano. Shida ni uchache wa fotoni. Jouli 1 ya leza hiyo ina fotoni 5 × 10¹⁸. Kwa msongamano wa 5 × 10¹⁹ kwa mita ya ujazo, ukitazama kipande cha sm 1 kwa lenzi inayokusanya sehemu 0.01 ya steradiani, zinafika fotoni 200,000 hivi kabla ya hasara za vioo na vichujio. Ndiyo maana mpigo hufanywa mfupi, nanosekunde 10 hivi, ili mwanga wa plazma yenyewe usipate muda wa kujazana, na mwanga hugawanywa kwenye vichujio vinne hadi sita vyenye vigunduzi vya dayodi za maporomoko, zinazokuza ishara hafifu ya mwanga. Mng'ao wa leza kutoka ukutani unaweza kuzidi ishara mara nyingi sana, basi rangi ya leza yenyewe huzuiwa na husomwa mabawa tu, yaani rangi za pembeni mwake. Msongamano huhitaji kipimo cha ulinganisho: chemba hujazwa nitrojeni kwa mgandamizo unaojulikana na kupimwa mtawanyiko wa Raman, yaani mwanga wa leza unaotawanywa na molekuli ukiwa umebadilika rangi. Madirisha yakipata ukungu wa metali baadaye, msongamano utasomeka mdogo huku joto likibaki karibu sahihi, kwa sababu joto hutegemea uwiano wa vichujio tu; lakini ukungu ukizuia rangi moja kuliko nyingine, hata joto linapotoka.

Kipimo hiki ndicho kilichoibadilisha historia ya fani. Mwaka 1968 Warusi walitangaza mjini Novosibirsk joto ambalo wengi Magharibi hawakuliamini. Walidhani ni elektroni chache zenye kasi zinazodanganya vipimo. Timu ya Culham ya Uingereza ikapeleka leza ya rubi Moscow kwenye tokamaki T-3, na mwaka 1969 ikachapisha spektra zilizoonyesha joto la hadi karibu 1 keV.

Njia ya pili haihitaji leza. Elektroni huzunguka uga wa sumaku kwa masafa ya GHz 28 kwa kila tesla, na hutoa mikrowevu ambayo nguvu yake, plazma ikiwa nzito ya kutosha, hulingana na joto moja kwa moja. Kwa kuwa uga wa tokamaki hupungua kadiri unavyoenda nje, kila masafa yanatoka mahali pake, nawe unapata ramani ya joto kila mikrosekunde. Kwa tesla 2.5 husikilizwa GHz 140, ambayo ni mara mbili ya masafa ya msingi. Msongamano ukipita 1.2 × 10²⁰ mawimbi hayo hayatoki tena na kipimo kinakufa hapo hapo. Inafaa mjue pia kwamba kwenye tokamaki za TFTR ya Marekani na JET ya Ulaya iliyoko Uingereza, plazma zilipopashwa sana, njia hii ilisoma joto kubwa kuliko Thomson, na maelezo yanayotolewa ni kwamba elektroni hazikuwa zimejipanga kwa mgawanyo wa Maxwell, yaani mgawanyo wa kasi wa gesi iliyotulia kwenye joto moja. Ni shida ileile ya miteremko miwili kwenye grafu yenu.

Kwa msongamano peke yake kuna interferomita: wimbi linalopita kwenye plazma huhama awamu kwa 2.82 × 10⁻¹⁵ × urefu wa wimbi × msongamano uliojumlishwa njiani. Leza ya mikromita 10.6 kwenye mita 1 ya 5 × 10¹⁹ huhama radiani 1.5 tu, na kioo kikitikisika kiasi cha kubadilisha urefu wa njia kwa mikromita 1 kinaongeza radiani 0.6, kwa hiyo leza ya pili ya rangi nyingine hutumika kuondoa mtikisiko. Wimbi la mikromita 119 huhama radiani 17, ambazo mtikisiko hauzisumbui sana, lakini plazma ikibadilika ghafla kihesabio hupoteza mzunguko mzima na msongamano unaruka.

Thomson kwenye chemba yenu sahauni: kwa 10¹⁶ mngebaki na fotoni 40 kwa jouli, zikiwa zimezama kwenye mng'ao wa kioo. Interferomita ya mikrowevu lakini mnaweza. Moduli za GHz 10.5 za milango inayojifungua ni za bei ndogo. Kwenye sm 10 za plazma yenu awamu itahama karibu nyuzi 5. Ni kidogo, na mawimbi ya sm 3 yataruka ukutani, kwa hiyo wekeni pembe za bati (antena za umbo la tarumbeta) pande zote mbili, washeni na kuzima plazma mara moja kwa sekunde, na msome tofauti badala ya namba yenyewe. Mtapata wastani wa msongamano usiotegemea nadharia yoyote ya ala, na mtaona ni ipi kati ya fomula mbili za ioni iliyo karibu nao.